Ganda la Shaba na Dhamiri ya Mhunzi

Wapendwa waamini, viongozi wa halmashauri za walei na wa jumuiya ndogo ndogo,

Huenda baadhi yenu mtastaajabu kuona kurasa za Haki na Amani zikitolewa kwa kitu kidogo kama ganda tupu la risasi. Mmezoea kutusoma tukiandika juu ya mirathi ya wajane, mipaka ya mashamba, mizani ya ufuta na korosho. Ganda la risasi lina urefu wa kidole. Mtoto huliokota porini akalifanya filimbi, na mama hulitia katika kisanduku cha vifungo. Hata hivyo, tangu tulipoanza kuwatembelea wafungwa na familia zao katika ukanda huu wa Kilwa na Lindi, kitu hiki kidogo kimekuwa kikijitokeza katika mazungumzo mara nyingi kuliko tulivyotazamia. Tumeona ni wajibu wetu kukisemea waziwazi.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna mafundi wetu, watu hodari wa tupa na jiliwa, ambao huletewa maganda yaliyokwisha kupigwa na kuombwa wayarudishie uhai: wayakate, wayafinye, wayatengeneze upya yaingie katika bunduki ambayo hayakuzaliwa nayo. Pengine bunduki yenyewe nayo imetengenezwa nyumbani. Hatutaeleza hapa namna kazi hiyo inavyofanywa, kwa sababu hatuandiki ili kufundisha kazi hiyo. Tutaeleza tu kwa nini inaua, nani anaumia, na kwa nini tunaamini kwamba lawama yote haiwezi kumwangukia mtu mmoja aliyeinama juu ya fuawe.

Tuanze na shaba yenyewe. Ganda la risasi limefuliwa kwa mchanganyiko wa shaba nyekundu, kama sehemu 70 katika 100, na zinki kama sehemu 30. Watu wengi hudhani kazi ya ganda ni kushika baruti tu, kama chupa inavyoshika mafuta. Sivyo. Baruti inapowaka, ganda hutanuka kwa kufumba na kufumbua likaikumbatia nyumba yake ndani ya bunduki, likaziba kila upenyo ili moto na moshi visirudi nyuma usoni mwa mpigaji. Kisha hunywea tena kidogo ili liweze kutolewa. Kati ya jicho la mtu na ule moto hakuna kizuizi kingine isipokuwa ukuta huo mwembamba wa shaba. Sasa shaba ina tabia moja ambayo kila mhunzi anaijua: ukiipiga, ukiipinda, ukiifinya, inakuwa ngumu na kukatika kama ukuni mkavu. Aidha ukuta wa ganda haulingani unene kutoka chini hadi juu. Ukilikata lile refu liwe fupi, shingo mpya inaangukia mahali ambapo chuma ni kinene, na risasi inaweza kubanwa mahali palipopaswa kuiachia. Hapo nguvu ya moto hupanda kupita kiasi ambacho bunduki imeundwa kukistahimili. Bunduki iliyotoka kiwandani yaweza kupasuka kwa hesabu mbaya ya namna hiyo. Tuseme nini basi juu ya mtutu uliotokana na bomba la maji?

Shaba ina adui mwingine asiyeonekana. Katika karne ya 19 majeshi ya Waingereza kule India yaligundua kwamba maganda yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe wakati wa masika, bila kuguswa na mtu. Ilipofika mwaka 1921 wataalamu walikuwa wamekwisha kueleza sababu: hewa kali itokayo katika mkojo wa wanyama, pamoja na unyevu, huila shaba iliyokwisha kukazwa kwa kufinywa. Tunalitaja hili kwa sababu sisi ni watu wa pwani, wenye unyevu mwaka mzima, na tunajua mahali ambapo vitu vya siri hufichwa vijijini: chini ya banda la mbuzi.

Haifai tujifanye kwamba ufundi huu ni ushenzi wa Kilwa. Kule Marekani ni mchezo wa waungwana. Wapo maelfu ya watu ambao jioni hukaa katika karakana zao za nyumbani na kutengeneza risasi ambazo hakuna kiwanda kinachoziuza, wakilikata ganda la aina hii ili kulipa umbo la aina ile; nao huziita risasi hizo kwa jina la paka-mwitu, kwa kuwa hazina ukoo rasmi. Wana vitabu, vipimo vya usahihi wa unywele, na bima ya afya. Na paka-mwitu hao wamefika hata kwetu. Mwaka 1912 kampuni ya Holland & Holland ya Uingereza ilitoa risasi ya .375, yenye ganda la urefu wa milimita 72 na kidogo. Mwaka 1956 Winchester wa Marekani wakalifuata umbo la ganda hilo, wakalifupisha hadi milimita 63.5, wakalinyosha, wakapata risasi ya .458 kwa ajili ya tembo na nyati wa Afrika. Waliobobea katika viwanda, wenye mashine na wahandisi, hata hao ufupi ule uliwaletea shida: nafasi ya baruti ilikuwa ndogo, baruti ikabidi ishindiliwe, na baada ya muda katika baadhi ya risasi iligandamana ikashindwa kuwaka sawasawa. Mwindaji mmoja Mmarekani, Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati huko Msumbiji mwaka 1959, alirudi kwao akatafuta ganda refu zaidi, na mwaka 1971 akatoa risasi yake mwenyewe, paka-mwitu kamili, ambayo baadaye viwanda viliipokea na kuihalalisha.

Tazameni njia mbili hizo. Mtu mmoja analikata ganda nyumbani kwake ng'ambo, jina lake linaandikwa juu ya risasi, na wawindaji wanaisafirisha hadi Selous kwa vibali halali. Mtu mwingine analikata ganda lile lile nyumbani kwake Liwale, naye jina lake linaandikwa katika jalada la mashtaka. Hatusemi kwamba watu hao wawili wametenda jambo moja. Wa kwanza ana leseni na wa pili hana. Wa kwanza anajua ni nani atakayeipiga risasi ile na wa pili mara nyingi hajui, au hataki kujua. Tunasema tu kwamba mikono ni ileile, na akili ni ileile.

Historia ya pwani yetu inatufundisha namna mikono hiyo ilivyofika hapa ilipo. Kilwa Kivinje ilikuwa lango la pembe na la watumwa, na bunduki zilikuwa fedha ya biashara hiyo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha zilizoingia ukanda huu zilifikia kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka mmoja. Wakubwa wa Ulaya wakaogopa. Katika Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, pamoja na mambo mema ya kukomesha biashara ya watumwa, waliandika kwamba bunduki za kisasa na risasi zake zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ila Mwafrika aweza kuuziwa gobori lisilo na mifuo ndani ya mtutu, lile la kuwashwa kwa jiwe, na baruti ya kawaida. Ndiyo kusema kwamba gobori halikuwa chaguo la babu zetu tu. Liliandikwa katika sheria kuwa kipimo chao. Miaka 15 baadaye, Julai 1905, vita ya Majimaji ilipoanza Nandete katika milima ya Wamatumbi, watu waliingia vitani na mikuki na magobori hayo mbele ya bunduki za kutia risasi kwa nyuma na bunduki za mzinga. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwaahidi maji yatakayozigeuza risasi. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini vita haikufa naye.

Kanisa letu linaikumbuka vita hiyo kwa uchungu wake lenyewe. Tarehe 14 Agosti 1905, karibu na Liwale, Askofu Cassian Spiss aliuawa kwa mikuki pamoja na mabruda wawili na masista wawili wa Kibenediktini. Misioni za Lukuledi na Nyangao ziliteketezwa, na huko Nyangao Sista Walburga Diepolder akapotea asionekane tena. Tunawaheshimu mashahidi hao. Lakini heshima hiyo haituzuii kujiuliza kwa nini watu wa Liwale hawakuweza kumtofautisha mmisionari na mwenye bunduki ya serikali. Swali hilo linafaa kujadiliwa katika jumuiya zetu zaidi ya linavyojadiliwa.

Kisha ukaja mwaka 1914, na hapo ndipo kazi ya kufufua maganda ilipopata kuwa kazi ya serikali. Wajerumani walikuwa wamefungiwa bahari. Makampuni mengi ya askari wao yalibeba bunduki za mwaka 1871, zenye moshi mzito uliowasaliti kila walipopiga. Aprili 1915 meli Rubens, iliyojifanya ya Kidenmark, ilikimbilia ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga, ikapigwa na manowari ya Waingereza, ikazama katika maji ya kina kifupi na shehena yake ya risasi. Shehena ikaopolewa, nayo imelowa maji ya chumvi. Kilichofuata kimesimuliwa na jemadari wao mwenyewe, von Lettow-Vorbeck: kwa miezi kadhaa huko Moshi, askari, wanawake na kila aliyepatikana waliketi wakifungua risasi moja moja, kukausha na kusafisha baruti, kubadilisha fataki zilizoharibika, kisha kuzifunga upya. Hatujui kwamba yupo mtu aliyeandika majina ya wanawake hao. Machi 1916 meli ya pili, Marie, iliingia hapa kwetu Sudi, kusini ya Lindi, ikashusha mizinga na risasi, na mzigo wote ukaenda bara juu ya vichwa vya wapagazi. Mwaka uliofuata, kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917, majeshi mawili yalikutana Mahiwa, jirani na Nyangao, katika mapigano makali kuliko yote ya vita ile katika nchi yetu. Mjerumani alishinda uwanja lakini alimaliza risasi, na baada ya wiki chache akavuka Ruvuma kwenda kuzitafuta kwa Wareno huko Ngomano. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa pande zote walikufa katika vita hiyo kwa njaa na kuhara. Mzee yeyote wa Mtama au Mingoyo aliyesimuliwa na babu yake atawaambia kwamba maganda ya vita hiyo yaliendelea kuokotwa mashambani miaka mingi baadaye.

Tumetumia nafasi kubwa kwa mambo ya kale, mtuwie radhi; sasa tuje kwa yaliyo mlangoni petu.

Hifadhi ya Selous ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970. Serikali iliendesha Operesheni Uhai mwaka 1989, wanyama wakaongezeka tena, kisha ujangili ukarudi kwa nguvu mpya: hesabu ya mwaka 2013 ilikuta tembo 13,084 tu. Bunduki za .375 na .458, zile zile za wawindaji wa kitalii na za askari wa wanyamapori, zimetajwa mahakamani mara kwa mara katika mashauri hayo. Gobori nalo limetajwa, kwa kuwa ndilo linaloanza: mtu huanza na ngiri wa shambani, akaendelea na swala wa kitoweo, siku moja akatembelewa na mgeni mwenye gari, aliyemletea maganda mkononi na ahadi ya fedha.

Oktoba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza. Nia ilikuwa njema. Yaliyotokea yaliripotiwa na Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira: watu walipigwa, waliteswa, walidhalilishwa, wengine wakafa mikononi mwa waliowakamata. Operesheni ilisimamishwa baada ya wiki chache, na Desemba mwaka huo mawaziri wanne walipoteza nyadhifa zao. Sisi tunaamini kwamba tembo ni kazi ya mikono ya Mungu nao wana haki ya kulindwa. Tunaamini vilevile kwamba mtu aliyening'inizwa mtini ili ataje bunduki iliko ametendewa dhambi, hata kama bunduki anayo.

Sheria za leo ni kali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza au kumiliki silaha na risasi bila kibali, na haiulizi kama chombo kimetoka kiwandani au uani. Baada ya marekebisho ya mwaka 2016, makosa yaliyomo katika jedwali la Sheria ya Uhujumu Uchumi, na kumiliki silaha bila kibali ni mojawapo, yana adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Tusome hilo polepole. Kijana wa miaka 25 aliyekutwa na gobori na maganda matatu atatoka gerezani akiwa na mvi. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimhukumu Yang Fenglan, yule mfanyabiashara aliyepewa jina la Malkia wa Pembe, pamoja na Watanzania wawili, miaka 15 kila mmoja kwa kusafirisha vipande 860 vya meno ya tembo. Wanasheria watatueleza, nao watakuwa sahihi, kwamba makosa ya Malkia yalitendwa kabla ya sheria kubadilishwa, na hakimu hawezi kurudisha sheria nyuma. Tunakubali. Lakini mke wa mfungwa wa Liwale hasomi majedwali. Anasoma miaka.

Ni nani, basi, humpelekea fundi maganda? Wapo wanaotumwa na wafanyabiashara wa pembe, na juu ya hao hatuna la kutetea. Wapo pia wakulima. Yeyote aliyelala dunguni wakati wa mahindi kukomaa, huko Njinjo au Nachingwea, akipiga debe usiku kucha, anajua kwamba nguruwe hana huruma na tembo hana haraka. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ilipomegwa kutoka Selous mwaka 2019, ulinzi uliimarika, na tembo walioongezeka hawakusomewa mipaka. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kile kiitwacho kifuta jasho, kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari kulingana na umbali wa shamba kutoka hifadhini, na kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Majina hayo yamechaguliwa kwa uangalifu: si fidia, ni kitambaa. Na kitambaa chenyewe huchelewa. Mkulima aliyesubiri kitambaa misimu miwili, wa tatu huenda kwa mhunzi.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo ndilo lililotufanya tuandike tahariri hii. Mwanamume mmoja katika mojawapo ya vigango vyetu, mwenye watoto wanne, alipasukiwa na bunduki usiku akilinda shamba. Ganda lilichanika, moto ukarudi nyuma. Alipoteza jicho na vidole viwili pale pale. Hilo lingepona. Lakini ndugu zake waliogopa kumpeleka hospitali, kwa kuwa majeraha ya aina hiyo huuliziwa fomu ya polisi, ile PF3, na PF3 ingeuliza bunduki. Wakamweka ndani wakamfunga majani na kitambaa. Katekista alipata habari siku ya tano, mkono ukiwa umekwisha kuoza. Alifariki njiani. Waliomficha walimpenda, na hakuna aliyetaka afe.

Wapendwa, tunawaagiza, na neno hili tunalitumia kwa makusudi: majeruhi apelekwe hospitali. Iwe Kinyonga, iwe Nyangao, iwe zahanati iliyo karibu. Apelekwe usiku ule ule. Serikali imetangaza mara nyingi kwamba majeruhi wa dharura atibiwe kwanza na fomu ifuate. Mganga au muuguzi atakayemrudisha mtu anayevuja damu kwa kukosa karatasi amevunja kiapo chake, na kiongozi wa jumuiya anayo haki ya kumwambia hivyo kwa heshima na kwa sauti. Kesi ya mahakamani mtu aweza kuishinda, au kuitumikia akatoka. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilitungwa kwa ajili ya wasio na uwezo kama huyo, na ni kazi ya kamati zetu za Haki na Amani kujua mlango wa kubisha kabla mtu hajasomewa mashtaka.

Kwa wahunzi tuna neno la pekee. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13, tunasoma kwamba Wafilisti hawakuruhusu mhunzi yeyote katika nchi ya Israeli, wasije Waebrania wakajifulia panga. Matokeo yake mkulima wa Israeli alilazimika kuteremka kwa adui na kulipa ili anolewe jembe na shoka. Taifa lisilo na mhunzi ni taifa la kuomba. Kwa hiyo hatutaki kusikia kiongozi yeyote, wa dini au wa serikali, akimtaja mhunzi kana kwamba ufundi wake ni dalili ya uhalifu. Tumeona vijana wakikamatwa kwa kukutwa na mvukuto na vipande vya bomba tu. Lakini wewe fundi, unayeletewa ganda na mtu usiyemfahamu, usiseme kwamba wewe ni tupa tu na mwenye kosa ni mkono unaoishika. Unajua shaba ile imechoka. Unajua hujapima, kwa kuwa huna cha kupimia. Ukiipokea fedha, umeuza kitu ambacho kitaumiza ama upande wa mbele ama upande wa nyuma. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2316, inafundisha kwamba utengenezaji na biashara ya silaha hugusa manufaa ya wote, na kwamba mamlaka ya umma ina haki na wajibu wa kuviratibu. Baraza la Kipapa la Haki na Amani lililirudia fundisho hilo katika waraka wake wa mwaka 1994 juu ya biashara ya silaha duniani. Mafundisho hayo yaliandikwa kwa kuyafikiria mataifa makubwa na viwanda vyao. Hatuoni sababu kwa nini yaishie kwenye lango la kiwanda.

Na kwa serikali tuna ombi. Umoja wa Afrika, kwa uamuzi wa mwaka 2017, uliufanya mwezi Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari, na nchi yetu imetangaza vipindi vya namna hiyo, ukiwamo ule wa mwaka 2023. Utaratibu huo ni mzuri kwenye redio. Vijijini watu wanauogopa. Baada ya mauaji ya Kibiti na Rufiji ya mwaka 2017, ambayo yaliwagharimu maisha askari polisi na viongozi wa vijiji na kutia hofu hadi Somanga, ni mtu gani wa Kilwa atakayetembea barabarani kilomita 40 akiwa na bunduki begani na kusema kwamba anakwenda kuisalimisha? Tunaomba silaha zipokelewe vijijini, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, shehe na katekista, na mtu apewe karatasi ya kuonyesha kwamba amesalimisha kwa hiari. Sisi Wakatoliki ni wachache katika Kilwa. Mashehe wetu wanasikilizwa kule ambako sisi hatufiki, na tunatamani kazi hii tuifanye pamoja nao, si sambamba nao. Tunaomba pia kwamba mkulima anayetaka kibali cha bunduki ya kulindia shamba, au kijiji kinachotaka askari wa wanyamapori kabla ya mavuno wala si baada yake, ajibiwe katika msimu huohuo. Jibu la hapana ni jibu. Ukimya ndio unaompeleka mtu kwa fundi.

Kabla ya Septemba ijayo, tunaomba kila jumuiya ndogo ndogo itenge jioni moja kwa jambo hili. Waulizeni watoto wameokota nini porini. Ganda lililo tupu halina hatari, lakini mtoto hawezi kulitofautisha na risasi nzima iliyochakaa; asilitie motoni, asiligonge kwa jiwe, asilipeleke shuleni. Akiiona risasi nzima, aiache ilipo na kumwita mtu mzima, naye amwite mwenyekiti wa kijiji. Andikeni majina ya wafungwa wa parokia yenu waliofungwa kwa makosa ya silaha, miaka waliyopewa, na kama walikuwa na mtetezi siku ya hukumu. Andikeni pia mashamba yaliyoliwa msimu uliopita, ekari ngapi, tarehe gani taarifa ilipelekwa kijijini, na kama kifuta jasho kilifika. Karatasi hizo zikabidhiwe kwa paroko, naye atazifikisha kwenye ofisi ya Tume, ili tutakapokwenda kwa Mkuu wa Wilaya tusiende na malalamiko, bali na hesabu.